Kutuliza Moyo Nako Hufundishwa

Mwezi huu twapenda kusema nanyi, wazazi na waalimu, juu ya jambo ambalo sisi wenyewe tulilikosea. Hatuoni vema kulificha, maana huenda wengine wakajifunza kwa kosa letu wasilirudie nyumbani mwao.

Miaka michache iliyopita tulikuwa na msichana mmoja katika darasa la kipaimara, umri wake miaka 15. Alikuwa mtulivu, mwenye adabu, asiyekosa siku. Lakini kila alipoitwa asimame kujibu neno, mikono yake ilitetemeka, sauti ikamkauka, macho yakaelekea chini, asiweze kutamka hata neno alilolisoma jana yake. Mara ya kwanza tulinyamaza. Mara ya pili tukamwonya. Mara ya tatu tukamwambia mbele ya wenzake kwamba amwaminiye Mungu haogopi, na kwamba akisali kwa bidii hofu yake itamtoka. Wenzake wakacheka. Akaketi. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ya pili, wala ya tatu.

Ndipo bibi yake alipotujia jioni moja, akapiga hodi, tukamwamkia na kumtandikia mkeka. Chai hakutaka. Akasema, "Mwanangu, wewe ni mwalimu, nami sikuja kugombana nawe. Lakini mjukuu wangu anayajua mafundisho yako yote. Akitwanga, huyasema. Akiteka maji, huyasema. Mimi nisiyejua kusoma nimeyashika kwa kumsikia yeye. Hakukosa imani huyu. Amekosa mtu wa kumwonyesha afanye nini moyo wake unapokwenda mbio. Nilidhani mtu huyo ni wewe."

Hatukuwa na jibu. Usiku ule tuliyahesabu yote tuliyowafundisha vijana wale: amri za Mungu, sala, sakramenti, habari za mitume. Yote ni mema na ya lazima. Lakini hatukuwahi hata siku moja kumwonyesha mtoto jinsi ya kukaa na hofu, wala jinsi ya kuishika hasira isimtoke mkononi. Tuliwadai jambo ambalo hatukuwapa. Mvulana asiyewahi kushika jembe hatumwambii, "Lima kwa imani." Twasimama kando yake shambani, twamwonyesha mikono ikae wapi, tena twamvumilia akikosea mstari. Mbona katika mambo ya moyo twataka wajue bila kufundishwa?

Wazee wetu wa kale hawakudhani kwamba kijana hukua peke yake. Walikuwa na jando na unyago, na kila mwari alikuwa na somo au kungwi wake, mtu mzima mmoja aliyejulikana, wa kumwuliza yale asiyoweza kumwuliza baba wala mama. Katika mafunzo yale yalikuwamo mambo ambayo Mkristo hawezi kuyafuata, nasi hatutamani yarudi. Lakini tazameni walivyofanya watu wa Masasi, kusini mwa Tanzania. Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi tangu mwaka 1926 hata mwaka 1944, pamoja na makasisi Waafrika wa huko, hawakutosheka kukataza tu. Waliona kwamba ukiondoa nguzo ya nyumba bila kuweka nyingine, paa litaanguka. Basi wakaliweka jando chini ya Kanisa, likawa na sala na mafundisho ya Kikristo. Si kila mtu aliafiki namna ile, lakini neno moja walilifahamu vizuri: kijana aliye katikati ya utoto na utu uzima anahitaji kufundishwa kuishi, wala si kusoma peke yake.

Neno hili hata waganga na waalimu wa ulimwengu wamelikiri. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilitoa maandishi kwa ajili ya shule, likahesabu maarifa 10 yampasayo kila kijana, yaani yale ambayo shule zetu huyaita stadi za maisha. Miongoni mwake ni kujifahamu, kuamua jambo, kutatua tatizo, kusema na watu kwa namna ifaayo, na kumwonea mwenzako huruma. Mawili katika hayo 10 ni haya tunayoyasema leo: kuziongoza hisia za moyo, na kukabili mashaka yanayolemea. Tena Shirika hilo hilo lasema kwamba katika kila vijana 7 wenye umri wa miaka 10 hata 19, mmoja ana ugonjwa wa akili wa namna fulani, na hofu iliyozidi ni mojawapo ya magonjwa hayo. Basi mwalimu aliye na vijana 28 mbele yake, na ajiulize: je, nawajua wale ambao huenda wakawa wanateseka?

Kwanza yafaa tufahamu hofu ni nini, maana wengi wetu huidhania kuwa ni utundu, au uvivu, au pepo. Mungu alimwumba mwanadamu na mlinzi ndani ya mwili wake. Mtu akikutana na chui njiani, ubongo hupeleka habari upesi, na tezi ndogo zilizo juu ya mafigo humwaga dawa yake katika damu. Moyo huenda mbio ili kupeleka damu miguuni, pumzi huwa fupi na ya haraka, viganja hutoka jasho, tumbo hukazana, kinywa hukauka. Hayo yote ni mema, kwa kuwa humsaidia mtu kukimbia au kupigana. Lakini mlinzi huyo hajui sana kupambanua. Huweza kupiga kelele ile ile kwa ajili ya chui, na kwa ajili ya karatasi ya mtihani, na kwa ajili ya wenzake 30 wanaomtazama mtu akisimama kujibu. Kwa hiyo yule msichana hakutuasi. Mwili wake ulikuwa umeona chui, nasi tukamgombeza kwa kutetemeka.

Wako watakaosema, "Mwalimu, je, imani haitoshi?" Twawajibu kwa habari ya nabii Elia. Mtu huyu alisimama peke yake mbele ya manabii wa Baali juu ya mlima Karmeli bila kutikisika. Lakini mara Yezebeli alipomtumia maneno ya kutisha, alikimbia hata jangwani, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Je, alikuwa hana imani? Na Mungu alimtendea nini? Hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale. Akampelekea malaika na mkate uliookwa juu ya makaa, na maji ya kunywa. Akalala tena, akalishwa tena. Baadaye sana, huko Horebu, ndipo Mungu alipomwuliza habari zake, akampa nafasi ya kusema yaliyomo moyoni, kisha akampa kazi ya kufanya na mtu wa kumsaidia. Fuateni utaratibu huo, enyi wazazi: usingizi, chakula, kusikilizwa, kisha kazi na mwenzi. Sisi tulianza mwisho, na kwa ukali.

Sasa tutaeleza yale tuliyoanza kuwafundisha vijana wetu baada ya siku ile. Si mambo makubwa, wala hayataki fedha. Mzazi asiyejua kusoma aweza kuyafundisha jikoni.

La kwanza ni kulipa jambo jina lake. Kijana akiulizwa, "Una nini?" hujibu, "Sina kitu," au, "Najisikia vibaya." Mfundisheni kupambanua. Hofu ni ya kitu kilicho mbele yako, kama nyoka njiani. Wasiwasi ni wa kitu ambacho hakijafika, na huenda kisifike. Huzuni ni ya kitu kilichopotea. Aibu ni ya macho ya watu. Kinyongo ni hasira iliyolazwa usiku mwingi. Lugha yetu ni tajiri katika haya, tena ni mali ya bure. Mtu akiweza kusema, "Hii si hasira, ni hofu," tayari ameanza kuitawala. Tena angalieni sana wavulana, kwa maana mara nyingi huifunika hofu kwa hasira. Tulikuwa na mmoja aliyepiga wadogo zake kila siku, hata baba yake mdogo akakusudia kumfukuza nyumbani. Tulipoketi naye, tukaona kwamba baba yake alikuwa mgonjwa sana, na kijana akihofu kwamba akifa, mzigo wa nyumba yote utakuwa juu ya kichwa chake. Hakuna aliyemwuliza, naye hakuwa na maneno ya kusema.

La pili ni kutuliza pumzi. Moyo haumtii mtu akiuamuru usimame mbio zake, lakini pumzi humtii, na pumzi ikitulia, moyo huifuata. Mwambieni kijana aketi, avute pumzi polepole kwa pua akihesabu hata 4, kisha aitoe kwa kinywa akihesabu hata 6, kama mtu apoozaye uji wa moto kwa kuupuliza taratibu usimwagike. Afanye hivyo mara 10. Lakini angalieni: jambo hili hufundishwa siku ya utulivu, si siku ya dhoruba. Asiyejifunza kuogelea penye maji haba hataweza siku ya gharika. Katika darasa letu hufanya hivyo pamoja kabla ya sala ya kwanza, wala hakuna anayejulikana ni nani aliye na hofu na nani asiye nayo.

La tatu ni kutenga yaliyo mkononi na yasiyo mkononi. Kijana wa kidato cha nne atujia mwezi wa Oktoba, hali chakula, hasinzii. Asema, "Nikianguka mtihani wa Novemba, maisha yangu yamekwisha." Tusimwambie, "Huwezi kuanguka," kwa kuwa hatujui. Tuchore mstari katikati ya karatasi, au hata mchangani. Upande mmoja aandike yasiyo mkononi mwake: maswali yatakayoulizwa, wenzake watakavyofanya, watu watakavyosema. Upande wa pili aandike yaliyo mkononi mwake: leo jioni nitasoma sura hii moja, kesho nitamwuliza mwalimu hesabu hii nisiyoielewa, saa nne ya usiku nitalala. Yale ya upande wa kwanza ayaweke katika sala. Ya upande wa pili ayafanye, moja baada ya jingine. Haba na haba hujaza kibaba. Na usingizi asiudharau, kwa kuwa kijana wa umri huo anahitaji saa 8 hata 10 za kulala, na simu ya mkononi iwakayo kitandani usiku humwibia saa hizo, na asubuhi humwacha mnyonge mbele ya kila hofu.

La nne ni kuikaribia hofu kwa hatua ndogo. Hofu ina desturi moja: ukiikimbia, hukua. Mtoto aogopaye kusema mbele ya watu, akiruhusiwa kunyamaza siku zote, atapata raha ya leo, lakini kesho hofu yake itakuwa kubwa zaidi. Vilevile akisukumwa katikati ya watu kwa nguvu, ataumia. Njia iko katikati. Na aseme kwanza mbele ya mama yake, akizoea, mbele ya rafiki wawili, kisha mbele ya wanne, kisha mbele ya darasa, akiwa ameketi, mwisho asimame. Katika kila hatua akae hata moyo wake utulie wenyewe, ndipo apande ya pili. Hivyo ubongo wenyewe hujifunza kwamba chui hayupo.

La tano ni kumwambia mtu. Hata Bwana wetu, katika bustani ya Gethsemane, hakuwaficha rafiki zake huzuni ya nafsi yake. Aliwaambia, akawataka wakeshe pamoja naye. Basi kijana asione haya. Lakini neno hili latugusa sisi watu wazima kuliko vijana, maana nani atasema palipo na mcheko na kiboko? Mficha maradhi kifo humwumbua, lakini mara nyingi ni sisi tuliomfundisha kuficha. Kijana akisema, tusimkatize. Tusimwambie, "Sisi tulipokuwa na umri wako tulitembea maili nyingi kwenda shule." Tusimlinganishe na ndugu yake. Tusilitangaze neno lake kisimani. Tumsikilize hata amalize, tumrudishie kwa maneno yetu tulivyomwelewa, ndipo tumwulize, "Wataka nikusaidieje?"

Labda mwalimu mmoja atasema, "Mambo haya ni ya madaktari wakubwa." Na asikie habari ya jirani zetu wa Kenya. Kijana Mkenya, Tom Osborn, pamoja na wenzake, walitengeneza mafundisho mafupi wakayaita Shamiri, jina la Kiswahili chetu, maana yake kusitawi. Mwaka 2021 walitangaza habari za kazi waliyoifanya katika shule 4 za sekondari. Walichukua vijana 413, wa miaka 13 hata 18, waliokuwa na dalili za huzuni nzito au hofu iliyozidi, wakawagawanya kwa kura. Kundi moja walifundishwa namna ya kusoma na kuandika vidokezo vya masomo. Kundi la pili walifundishwa Shamiri, saa moja kwa juma, kwa majuma 4, katika vikundi vidogo. Nao walifundishwa mambo matatu: kwamba mtu aweza kubadilika na kukua kwa juhudi, kwamba yafaa kuyahesabu mema aliyopewa na kushukuru, na kwamba ayajue mambo anayoyathamini maishani na kuyafuata. Waliofundisha hawakuwa madaktari. Walikuwa vijana waliomaliza shule ya sekondari karibuni, waliopewa mafunzo mafupi. Hata hivyo huzuni na hofu za vijana wa Shamiri zilipungua kuliko za wenzao, na miezi 7 baadaye tofauti ile ilikuwa bado ikionekana. Ikiwa vijana wale waliweza, je, sisi tunaokutana na watoto hawa kila juma tutasema hatuwezi?

Lakini twawaonya jambo moja kwa nguvu. Yako mashaka yanayopita maarifa ya nyumbani. Mkimwona kijana ana huzuni au hofu majuma mawili au zaidi, hali, halali, ameacha kazi zake na rafiki zake. Au asema kwamba heri asingezaliwa. Au ajiumiza mwili. Au asikia sauti ambazo wengine hawazisikii, msimwache peke yake, wala msingoje Jumapili. Ondoeni karibu naye dawa za shamba, kamba na visu, mtu mzima akae naye, na mpelekeni hospitali upesi. Mwulizeni wazi kama anafikiri kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo, bali humfungulia mlango wa kusema. Kumpeleka kwa daktari si kupungukiwa na imani, kama vile kumpeleka mwenye malaria si kupungukiwa na imani. Sala na dawa ni ndugu, tuvitumie vyote viwili.

Sasa mtauliza, yule msichana je? Siku ya pili yake baada ya bibi yake kuja, tulikwenda kwao. Alikuwa akichambua mchele uani. Tukamwambia, mbele ya bibi yake, kwamba tulimkosea, tukamwomba radhi. Hatukuzoea kumwomba mtoto radhi, na maneno yalitukwama kooni. Moyo wetu ulikwenda mbio, na viganja vikatoka jasho. Ndipo tulipofahamu kwa mwili wetu yale tuliyomcheka nayo. Hakujibu neno. Alituletea maji ya kunywa.

Jumapili ya pili akarudi. Juma lile tuliwaambia darasa zima kwamba aliyekosa siku ile ni mwalimu. Kisha tukaanza pamoja naye hatua zile, kwanza mbele ya bibi yake, kisha mbele ya wasichana wawili. Alipata kipaimara mwaka uliofuata, si mwaka ule. Siku ya kuulizwa aliinuka, akanyamaza kidogo, nasi tukaona mabega yake yakishuka polepole alipotoa pumzi. Neno la kwanza lilitetemeka. La pili pia. Lakini alisimama hata mwisho. Hofu haikumtoka yote, wala hatukumwahidi hivyo. Alijifunza kusimama nayo.

Basi, ndugu zetu, twawaachia kazi moja ya mwezi huu. Jioni moja, baada ya chakula na kabla ya sala ya nyumbani, simu zikiwa zimewekwa kando, kila mmoja aliyepo na ataje jambo moja lililomtia hofu juma hili, na alilipe jina lake. Baba na aanze. Watoto wakisikia kwamba hata baba huogopa, nao watajua kwamba si wao peke yao, na siku mzigo utakapokuwa mzito watajua pa kuuleta.

Mungu wa amani akae katika nyumba zenu.